Leo Nimeomba Mshahara wa Kusimamia Nyumba

Marafiki, leo nimeomba mshahara. Nimepata kazi ya pili, nayo haina mshahara.

Ninasimamia nyumba ya kupanga hapa Kamenu, na malipo yangu ni chumba cha bure humo humo.

Nilimweleza mwenye nyumba, Mama Njeri, majukumu yangu yote kwa utaratibu: kodi, usafi, ugomvi wa wapangaji jikoni.

Alisikiliza hadi mwisho.

Kisha akampigia dada yake simu mbele yangu.

"Nimekupatia mtu wa ile nyumba yako ya Theta. Amesoma, na anajua kujieleza!"

Dada akauliza atanilipa nini.

"Aii, huyu hana shida. Mahali pa kulala ako napo."

Nilimshukuru. Sijui kwa nini.

Wenye uzoefu, nishaurini leo. Kesho asubuhi wapangaji wa Theta wananisubiri.