Glasi ya Povu

Usiku ule nililala mikono ikinuka bia, mimi ambaye bia siinywi. Nilikuwa nimeshinda jioni nzima nikipigana na pipa.

Niseme kwanza habari ya pipa lenyewe. Mume wangu, Baba Neema, alikuwa fundi wa friji hapa Moshi. Friji moja kuukuu aliitoboa mlango, akaipachika bomba, akaiweka kwenye baraza letu la nyuma. Ndani yake lilikaa pipa la bia na mtungi wa gesi. Juu ya mdomo wa pipa alifunga kichwa cha chuma chenye mipira miwili, mmoja wa kuingiza gesi, mwingine wa kutoa bia kwenda bombani. Kila Jumapili baada ya ibada walikuja rafiki zake watatu, na mkubwa wao ni Lema, fundi mwenzake. Walikuwa na desturi yao. Pipa jipya likifunguliwa, glasi ya kwanza hutoka povu tupu, na hawakuimwaga. Alipewa aliyechelewa kufika, aimalize yote huku wenzake wakimcheka.

Baba Neema alipofariki, siku ya arobaini niliwakuta wale watatu wamekaa karibu na friji, wanacheka chinichini. Huenda walikuwa wanamkumbuka. Mimi nilipandwa na hasira. Nikawaambia, "Bia imekwisha, shemeji zangu. Mlichokuwa mnakifuata hapa hakipo tena." Waliinuka wakaondoka. Tangu hapo mwaka umepita na zaidi, na Jumapili zangu nazijua mimi mwenyewe. Napika chakula cha mtu mmoja, nasikiliza saa ya ukutani. Neema hupiga simu kutoka Dodoma, nami humwambia niko salama.

Wiki ile nikaagiza pipa. Nilijidanganya kwamba friji ikinguruma na bia ikitoka, habari itawafikia wale watatu, watakuja wenyewe, nami sitalazimika kusema chochote. Lakini pipa lililoletwa lilikuwa la aina nyingine, yale ya zamani hayapatikani tena. Kichwa cha Baba Neema ni cha kutelezesha kutoka ubavuni. Pipa hili linataka kichwa cha kuzamisha kisha kuzungusha. Mimi sikujua hayo. Nilikigonga kwa mchi wa kinu mpaka ukingo wake ukapinda, nikaenda kulala na hasira zangu.

Nikajiona natoka kanisani. Ni mchana, jua kali, na uwanja wa kanisa hauna hata mtu mmoja. Nilikuwa nimebeba kitabu cha nyimbo, kisha si kitabu, ni kile kichwa cha chuma kilichopinda. Nasukuma geti la kanisa na ninapoingia niko kwenye baraza langu la nyuma.

Baba Neema amechuchumaa mbele ya pipa. Amevaa ovaroli lake la bluu lenye mfuko uliochanika, lile nililoligawa mimi mwenyewe baada ya matanga. Hanitazami. Anachukua kichwa mkononi mwangu, anakipapasa pale kilipopinda, anakiweka kando taratibu. Nikaona aibu.

Tukawa chumbani. Vichwa vya mapipa vimetandazwa juu ya kitanda chetu, upande wake, ule ambao mpaka leo siulalii. Vya kila namna, vikubwa na vidogo, naye anavijaribu kimoja kimoja bila haraka, kama alivyokuwa akijaribu vifaa vya friji za watu. Nilikuwa na mengi ya kumuuliza. Nilitaka kujua kama bado kifua kinamuuma. Badala yake nikasema, "Kigonge tu, kitaingia."

"Pipa halina kosa, Mama Neema," anasema. "Kichwa nacho hakina kosa. Havijuani tu."

Anaokota kimoja, anakizamisha, anakizungusha kidogo, anakandamiza mkono wake chini. Gesi ikapumua. Tuko barazani tena. Mezani kuna glasi tatu zilizofika nusu na viti vitatu vilivyo wazi, na moyoni najua kwamba wenyewe wamekaa hapo tangu zamani, ni mimi tu siwaoni. Baba Neema anafungua bomba. Glasi inajaa povu tupu, jeupe.

Nikageuka kumtazama aliyechelewa. Njia ilikuwa tupu mpaka getini. Nilipogeuka tena, glasi ilikuwa imenyooshwa kwangu.

"Mimi nakaa hapa hapa," namwambia. "Nimechelewa wapi?"

Nikaipokea nikanywa. Lilikuwa povu baridi, chungu, nami nikalimaliza lote, naye anacheka kicheko chake kile cha mabega bila sauti. Sikuwa nimekiona kwa muda mrefu. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

"Kichwa cha pipa hili anacho Lema," anasema. "Mwombe."

"Siwezi. Nilimfukuza."

"Usingemfukuza, nisingekuja."

Anafuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole, na hapo nikajua anaondoka, maana ndivyo alivyofanya kila kazi ilipokwisha. Nikamwambia akae, hata Jumapili moja tu. Nikashika mkono wa ovaroli, na ninachoshika ni shuka.

Kulikuwa kumepambazuka. Nilikaa kitandani nikalia, kisha nikanawa uso, nikachukua simu kabla kiburi hakijaamka. Lema alipokea haraka.

"Shemeji," akasema.

"Nimeletewa pipa," nikamwambia. "Kichwa cha Baba Neema hakiingii."

"La kuzungusha hilo?"

"Nadhani."

"Kichwa chake ninacho. Baba Neema mwenyewe aliniagiza nimtafutie, alisema mapipa yatabadilika. Nilikipata akiwa hospitali. Kipo hapa kwangu, bado kwenye karatasi yake ya dukani, nilikosa namna ya kukuletea."

Kukawa na neno ambalo nilipaswa kulisema, na halikutoka.

"Nije nacho lini, shemeji?" akauliza.

"Jumapili. Njooni wote watatu, baada ya ibada."

"Tutakuja."

"Lema," nikasema kabla hajakata. "Ile glasi ya kwanza msimpe mtu. Ni yangu."