Mtamba Niliyelipia Ada

Najua mtacheka, kwa hiyo chekeni kabisa sasa hivi ili mnisikilize vizuri baadaye, maana hata ndugu zangu wa tumbo moja hawajawahi kuisikia habari hii mpaka mwisho bila kujishika mbavu, na mwaka jana msibani kuna mama mmoja wa Sirari aliyesikia jina langu akaniuliza palepale, mbele ya wafiwa, "Ndiye wewe Rhobi wa ng'ombe?" Ndiyo, ndiye mimi. Binti wa Marwa wa Gorong'a, niliyezaliwa na kukulia zizini, nilikamatwa mchana kweupe katikati ya Tarime nikiswaga ng'ombe wa watu. Aibu nimeshaizoea. Hasira ndiyo imekataa kuondoka.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, sabuni hakuna, kitambaa hakuna, kanga ikiletwa dukani watu wanaumizana mlangoni. Katika shida hiyo akaja mwalimu mmoja, tumwite Sospeter, akafungua chuo cha ushonaji pale Nkende, akapita vijijini akiwaambia wazazi kwamba binti atakayemaliza kwake hatakosa kazi. Baba alivutika. Fedha hakuwa nayo kwa sababu kahawa yetu ilikuwa bado haijalipwa, basi Mwalimu akasema hakuna tabu, yeye hata ng'ombe anapokea. Baba akamtolea mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, ng'ombe tuliyekuwa tunamsubiri azae tunywe maziwa. Hiyo ndiyo ikawa ada yangu, yote, ya mwaka mzima.

Mimi nikahamia kwa shangazi, hapohapo Nkende, nikaanza chuo. Chuo gani! Cherehani zilikuwa mbili, moja haina sindano na nyingine mkanda umekatika. Kitambaa tulikisikia kwa jina tu, tulikuwa tunakata mifuko ya saruji, unga wake unatuingia puani, halafu kabla jua halijawa kali tunapewa majembe twende kwenye mahindi ya Mwalimu, na tukirudi tunachota maji ya mke wake. Ukiuliza unaambiwa, "Hiyo ndiyo elimu ya kujitegemea." (Aliyekuwa anajitegemea ni nani hapo, mimi au yeye?) Nilivumilia mpaka viganja vikatoka malengelenge, na sikuwa nimeshona hata kifungo. Nikaenda ofisini kwake.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kuaga. Naacha chuo."

"Marahaba. Haya, nenda salama."

"Na ng'ombe wetu je?"

"Ng'ombe gani?"

"Yule mtamba wa ada."

Akacheka taratibu, kama mtu aliyeulizwa na mtoto jua linalala wapi. "Binti, ada ikishalipwa imelipwa. Chuo hakijakuacha, ni wewe unayekiacha."

"Lakini sijafundishwa chochote!"

"Ungekaa, ungefundishwa."

Jamani. Mpaka leo nikikumbuka neno hilo natafuta kitu cha kupiga.

Shangazi aliponisikiliza aliniambia jambo moja tu. "Usifanye chochote. Baba yako anakuja Jumamosi, mtakwenda wote kwa mwenyekiti wa tawi la chama, mtaeleza." Kazi niliyopewa ilikuwa kukaa tu, kukaa na kula ugali wa shangazi mpaka Jumamosi. Kazi hiyo ikanishinda. Alhamisi nikaamka kifua kinawaka, nikachota chumvi jikoni (chumvi yenyewe siku hizo ya kuhesabia punje), nikaifunga kwenye pindo la kanga, nikachukua kamba, nikaenda malishoni nyuma ya chuo, walikochungwa ng'ombe wa Mwalimu.

Mvua ilikuwa inanyunya. Wachungaji walikuwa wamejibanza mahali, sikuwaona. Ng'ombe walikuwa wamelala kwenye tope, wengine limewapanda mpaka tumboni, na pale katikati nikamwona, mwekundu, doa jeupe kwenye paji la uso. Nikampigia mluzi wetu wa nyumbani, akainua kichwa. Nikamwonyesha chumvi, akasimama, akanifuata. Nilitaka ushahidi gani tena? Nikamfunga kamba, tukaondoka.

Hapo ningepita njia ya nyuma, nikatokea Gorong'a bila mtu kujua. Lakini nilikuwa na hasira, na mimi nikiwa na hasira nataka watu waone. Nikapita barabara kubwa, katikati ya mji, nikisalimia kila mtu, na kila aliyeniuliza natoka wapi na ng'ombe nilimwambia kwa sauti, "Nimekomboa mali ya baba yangu kwa mwizi!" Akina mama wa nyanya wakanipigia makofi. Mmoja akanipigia vigelegele. Nikaona nimekuwa mtu.

Mara nikasikia yowe nyuma. "Mwizi! Mwizi wa ng'ombe! Mura, we kijana, mzuie!" Na mimi (hapa ndipo ndugu zangu hudondoka chini) nikageuka nikapaza sauti pamoja nao, "Yuko wapi? Mkamateni!" Sikukimbia kwa sababu sikujua kwamba ninayefukuzwa ni mimi. Nilijua pale kamba iliponyang'anywa mkononi na fimbo zikasimama juu ya kichwa changu, na msifanye mchezo, kwetu kuitwa mwizi wa ng'ombe si utani, watu wamezikwa kwa neno hilo.

Akatokea Mzee Shabani, muuza nyama, anahema, kofia mkononi. "Ng'ombe wangu huyo!"

"Si wako!" nikampigia kelele mtu mzima yule. "Huyu ni mtamba wa baba yangu, nimemlea kwa mikono hii!"

"Mtamba?" Mzee Shabani akanitazama, akamtazama ng'ombe, akanitazama tena. "Mwanangu, hebu chungulia chini."

Nikainama. Mvua ilikuwa imeosha tope lote njiani, kila kitu kinaonekana. Alikuwa maksai.

Sijui nieleze vipi kicheko kile. Mama aliyenipigia vigelegele alikaa chini kwenye matope akalia machozi. "Mkurya gani huyu asiyejua dume na jike!" Watu walicheka mpaka fimbo zikashuka, na nadhani hicho kicheko ndicho kilichoniponya mbavu siku ile, lakini wakati ule ningechagua fimbo.

Nikapelekwa ofisi ya tawi. Mwalimu Sospeter akaja, shati limepigwa pasi, sauti ya upole. Mzee Shabani akasema yeye amesamehe, huyu ni mtoto, amekosea. Mwalimu akakataa. "Mzee aliniachia ng'ombe wake nimchungie, alikuwa mikononi mwangu. Nikinyamaza leo, kesho watakuja kubeba zizi zima. Hii ni kesi ya polisi."

"Na mtamba wetu yuko wapi?" nikauliza.

"Yuko Nyambureti kwa kaka yangu," akajibu, hata hakugeuka. Kumbe alishamhamisha siku nyingi. Nilikuwa nimeiba kwenye kundi ambalo mali yetu haikuwemo.

Baba aliitwa, akafika kesho yake asubuhi, miguu ina matope ya safari yote. Hakunitazama. Alimsikiliza mwenyekiti mpaka mwisho, akauliza Mwalimu anataka nini. Mwalimu akasema hataki ugomvi: yeye hatakwenda polisi, na sisi tusiulize tena habari ya ada.

"Tata, usikubali!" nikapiga kelele.

"Nyamaza, Rhobi. Jana umesema vya kutosha."

Mwenyekiti akawataka wapeane mikono. Wakapeana. Mtamba akaenda hivyo, mbele ya macho yangu.

Tukiwa njiani baba hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba Jumamosi hakukusudia kuja peke yake. Alikuwa ameshaongea na wazazi wa mabinti wengine walioacha chuo, wamekubaliana waende pamoja.

Na walikwenda. Mkutano wa tawi ukawasikiliza, Mwalimu akabanwa, na kila mmoja akarudishiwa chake, huyu mbuzi wake, yule fedha zake. Mimi nami nilikwenda, nikasimama nyuma yao wote. Zamu yangu ilipofika Mwalimu akasema, "Na huyu tulishamalizana." Mwenyekiti akainamisha kichwa. "Ni kweli, binti. Baba yako alitoa mkono." Uwanja mzima ukanigeukia, na mtu mmoja nyuma akalia kama ng'ombe.

Toka siku ile sidai kitu peke yangu. Hata bei ya dagaa ikinikera naita jirani tukaulize wote, na nikihisi kifua kimeanza kuwaka nakaa chini kwanza, popote nilipo, hata sokoni. Nasikia mtamba wetu alizaa kule Nyambureti, akazaa tena, na sasa wajukuu wake wamejaa zizi la watu. Nimealikwa harusi huko, nimealikwa misiba. Siendi. Najijua.