Toazi la Mfuniko wa Ndoo

Kaka yangu alipiga ngoma na matoazi kwenye kwaya ya kigango kwa nguvu ambazo, naapa, zilisikika mpaka bondeni Mtowisa, ng'ombe wakaacha kula. Kisha kiharusi kikamwangusha shambani. Mkono wa kulia ukafa kabisa. Wa kushoto ukabaki na uhai wa kushika kijiko tu. Akawa wa kulala, kwenye chumba kinachopakana na jiko la mama hapa Sumbawanga, akitazama mabati.

"Laiti nipige tena mara moja tu," aliniambia. "Nijisikie. Halafu mnizike hata kesho."

"Nani akuzike na baridi hii? Jembe halitaingia."

Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Mimi nina cheti cha umeme cha masomo ya jioni, na kwa nilivyokuwa nikijisifu ungedhani nimewasha mkoa mzima. Nikaamua kumtengenezea toazi la umeme, la kugusa tu, sauti itoke kwenye spika. Liwe na sehemu tatu, mkono usihangaike kutafuta matoazi mengine: kitovuni lilie kama kengele, usoni lilie ting, ukingoni lipasuke kwa kishindo. Boksi la sauti nililipata kuukuu. Toazi lenyewe nililikata kwenye mfuniko wa ndoo ya plastiki, na chini yake nikabandika vile visahani vya shaba vinavyolia ndani ya saa za mezani. Ukivigonga hutoa umeme kidogo, boksi likajua umegonga wapi.

Gundi ikagoma kukauka. Mwezi wa saba huku hata chai inatetemeka. Nikafanya tunachofanya wote kwa soksi na sare za shule: nikaliweka kando ya jiko la mkaa. Niliporudi, lilikuwa limejikunja.

"Mhandisi," kaka akasema, "hilo ni toazi au sikio la tembo?"

Nilicheka sana. Nikatoka, nikasimama nyuma ya choo mpaka kicheko kikaisha, maana asubuhi ile mkono wa kushoto nao ulikuwa umeangusha kijiko.

La pili nililikausha juani, siku nyingi, pasipo upepo. Nikapandisha usikivu wa boksi mpaka mwisho, hata nzi akitua lilie. Nikaliweka kwenye stuli ubavuni mwa kitanda, nikavilaza vidole vyake vya kushoto usoni pa toazi.

"Haya, kaka. Waamshe waumini."

Akakaza uso. Mishipa ya shingo ikasimama.

Ting. Kidogo, ting tena.

"Umesikia?" Macho yake yalijaa maji. "Umesikia, mdogo wangu? Nimepiga!"

Vidole vilikuwa vimelala vilevile nilivyoviweka. Nyuma ya ukuta mama alikuwa akitwanga mahindi. Kila mchi uliposhuka sakafu ilitikisika, na toazi likalia.

"Nimesikia, kaka. Mpaka Wampembe wamesikia, wavuvi wameangusha nyavu."

Kinu kikanyamaza. Toazi nalo likanyamaza. Kaka akakaza uso tena, akakaza mpaka jasho likamtoka kwenye baridi ile.

"Mbona halilii? Ni mimi?"

"Ni waya, umelegea. Ngoja niurekebishe."

Nikaenda jikoni. Mama alikuwa ameshika ungo, anapepeta.

"Mama, twanga tena."

"Yameshakoboka, mwanangu. Nikiongeza yatakuwa vumbi."

"Yawe vumbi, mama. Twanga tu."

Alinitazama. Akatazama ukuta wa chumba cha kaka. Kisha akayamwaga mahindi yaleyale kwenye kinu, akainua mchi.