Mguu wa Mama Mwendo Hauna Ugonjwa

Saa mbili asubuhi, Mama Mwendo ameketi kwenye kiti cha plastiki katika chumba cha maabara chenye harufu ya spiriti, kichwa amekiinamisha. Jana alifumua nywele alizosukwa juzi tu, maana kofia ya nyaya haikubali misuko. Mtafiti, mwanamke wa makamo, anampaka ute wa baridi kichwani kupitia matundu ya kofia hiyo, moja baada ya jingine.

"Pole, dada. Baridi, eh?"

"Nimeshazoea. Napakwa kuliko mkate."

Kofia hiyo hunasa umeme mdogo wa ubongo. Vipande vingine vya nyaya amebandikwa mapajani na kwenye mashavu ya miguu, ili kwenye skrini ionekane kichwa kinasema nini na miguu inajibu nini.

Anapanda mashine ya kukimbilia. Kutembea, hana neno. Mkanda unapoongezwa kasi, mguu wa kushoto unajipinda kwa ndani na kugonga mwenzake, naye anadaka vyuma asianguke. Kisha anaombwa ageuke, akimbie kinyumenyume. Mguu ule ule unanyooka, unakwenda vizuri kabisa. Ukimwona hapo utaapa kwamba alikuwa anaigiza.

Na wapo walioapa hivyo.

Mama Mwendo ni mkimbiaji, lakini jina lake hulikuti kwenye orodha ya washindi. Kwa miaka tisa waandaaji wa mbio wamemlipa awatangulie wengine mizunguko ya mwanzo, aweke mwendo, halafu atoke pembeni wenye majina yao wamalizie. Mbio moja ilimpatia kodi ya miezi mitatu ya vyumba viwili anavyoishi na mama yake.

Ni kazi isiyotaka malalamiko. "Ukisema mguu una matatizo, kesho anaitwa mwingine," anasema. "Na akishaitwa mwingine, wewe ndiyo basi tena."

Kwa hiyo mguu ulipoanza kumponyoka misimu miwili iliyopita, alinyamaza. Haukuuma wala kuvimba. Akabadilisha viatu, akaenda kuchuliwa misuli, na mambo yalipozidi akashika msemo wa kocha wake: mguu ukigoma, ukimbize. Akaongeza mazoezi asubuhi na jioni.

Hapo ndipo alipojimaliza. Mtafiti anaeleza kwamba ubongo wake ulikuwa umeanza kupanga vibaya hatua za kukimbia, za kukimbia tu, na kila alipozidi kukimbia ndivyo ulivyozidi kulikariri kosa.

"Mguu ni mzima," anasema mtafiti. "Tena unatii sana. Kinachokosewa ni kile unachoambiwa."

Inauma kuandika haya. Bidii tunayowahubiria vijana kila siku ndiyo iliyomharibia kazi mwanamke huyu.

Kocha wake hakani. Nilimkuta uwanjani akimfundisha binti mwingine kuweka mwendo. "Nilimwambia akaze, ndiyo. Nikadhani amechoka, au ana mambo yake ya nyumbani," anasema, macho kayaelekeza kwenye njia za kukimbilia. "Mimi najua miguu. Vichwa sivijui."

Katika mbio zake za mwisho, Mama Mwendo alilipwa aongoze mizunguko mitano. Alitoka mzunguko wa pili, akichechemea. Watazamaji walimpigia makofi wakidhani kazi imekwisha. Aliyekuwa akimfuata alipomaliza mbio, alimjia na kumwambia mbele za watu, "Umeniuza." Hata yeye mwenyewe hakujua mguu wake una nini.

Sasa anafua nguo za watu. Amekatazwa kukimbia kwenda mbele. Mazoezi yake ni hatua za polepole na kurudi kinyumenyume, mpaka ubongo usahau ulichojifunza. Huyafanya kwenye ushoroba wa nyumba ya kupanga, wapangaji wakimpisha. Mama yake hukaa mlangoni kumwongoza: "Kuna ndoo nyuma yako, mwanangu. Kata kulia."

Majirani walicheka wiki ya kwanza, wakachoka. Mama yake hakucheka hata siku ile ya kwanza. "Nilimfundisha kutembea akiwa mdogo," ananiambia akiwa amepunguza sauti binti asisikie. "Sikujua nitamfundisha tena nikiwa mzee."

Mtafiti hatoi ahadi. Wengine hurudi uwanjani, anasema, wengi hawarudi. Mama Mwendo ameambiwa hivyo usoni, na bado kila asubuhi anaanza upya.

Nilipomuuliza kama anaota medali, alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

"Medali ya nini, kaka? Sijawahi kuitaka. Naomba mbio moja tu, hata iwe ya mtaani. Mizunguko mitano. Nikimaliza wa tano, natoka mwenyewe, nasimama pembeni, nawaangalia wanavyokwenda."