Siku Mchungaji wa Carama Alipojisahihisha

Siku yangu ya kwanza kazini, Msimamizi wa Makanisa alinipokea mlangoni mwa ofisi yetu, mtaani Mutanga Sud, akanikabidhi Biblia mpya na kiti kinachoyumba. Kazi yangu ilikuwa kutembelea sharika changa zilizoomba kujiunga na umoja wetu, nione kama zimesimama juu ya Maandiko.

"Mama, usiangalie kwaya wala mikro na spika," aliniambia. "Angalia kama watu wanafungua Biblia. Kisha angalia kunatokea nini Biblia ikisema tofauti na pasteri."

Kazi hiyo tuliiita usikilizaji. Nilikaa nyuma nikafuata fungu linalohubiriwa, nikasoma pia mistari ya juu na ya chini yake, maana mstari ukikatwa peke yake utausemesha chochote. Huko Zone Industrielle, eneo la viwanda, nilikuta kanisa ndani ya ghala la zamani la saruji. Mahubiri yalikuwa matamu ajabu, na Kristo hakutajwa hata mara moja. Nilipowaambia hawakufurahi, lakini walinikaribisha tusome Injili pamoja, tukasoma msimu mzima wa mvua.

Ziara ya mtaa wa Carama ndiyo ninayoisimulia zaidi. Mchungaji wa huko, Onésime, alikuwa amefundisha kwamba mtoto akizaliwa na ulemavu, wazazi wametenda dhambi. Mama Godelieve, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, alikuwa na binti asiyetembea. Nilimkuta nje ya kanisa, chini ya dirisha, binti mgongoni.

"Mbona huingii?"

"Apana, mama. Pasteri alisema mi niko na zambi. Lakini nyimbo zinafika huku."

Niliingia moyo ukiniuma, tayari kulikataa kanisa lile. Walikuwa wakisoma Injili ya Yohana sura kwa sura, na siku hiyo walifika kwa yule mtu aliyezaliwa kipofu. Onésime akasoma hadi pale Yesu anapokanusha kwamba upofu ule ulitokana na dhambi ya mtu huyo au ya wazazi wake. Akarudia, polepole.

"Bandugu, niliwafundisha vibaya. Neno limenikataza leo. Mama Godelieve iko wapi?"

"Iko inje!" watu wakaitika.

Akatoka mwenyewe. Dirishani tulimwona akipiga magoti.

"Mama, unisamehe."

Godelieve akaanza kumfungua binti mgongoni. "Nimekusamehe, pasteri. Lakini we utamubeba mutoto, mi mugongo inaniuma."

Kanisa zima likaangua kicheko. Onésime akaingia na binti mabegani, ngoma zikalia hadi vumbi likapanda, na mimi niliyetumwa kukagua nikacheza kuliko wote.

Kesho yake Msimamizi aliniuliza, "Sasa kanisa lenye makosa hivyo tulipokee?"

"Tulipokee," nikajibu. "Makosa wanayo, ila Biblia inaruhusiwa kuwasahihisha."

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza watajuaje kanisa la kweli kati ya haya yanayofunguliwa kila mtaa. Nawaambia waende na Biblia zao, wasikilize kama Kristo anahubiriwa, kisha waulize swali na kumtazama usoni anayejibu, kama anakasirika. Jumapili iliyopita mhubiri mgeni alisema jambo geni kanisani kwetu. Mara kurasa zikaanza kugeuzwa kila benchi, mbele hadi nyuma, na mhubiri mwenyewe akasema, "Ndiyo, tafuteni, nawangoja." Nilifurahi hadi nikasahau kutafuta.