Kijiti cha Kumi na Moja

Mjukuu wangu, ambaye nyumbani tunamwita Futi, alipewa siku nne za kuchagua maisha yake yote. Siku nne! Sisi tuliopima ardhi tulikuwa tukitumia siku nne kunyoosha mstari mmoja wa mpaka kwenye nyasi ndefu, na bado mkubwa wetu alirudia kuukagua. Siku hizi chuo kinachaguliwa kwa simu. Kidole gumba kikiteleza, umeshakuwa mtaalamu wa ufugaji wa nyuki.

Jina la Futi alilipata akiwa na miaka mitano. Aliiba futikamba yangu akapima kila kitu ndani ya nyumba: kitanda, mlango, hata mguu wa mama yake aliyekuwa amelala. "Babu, paka ana sentimita arobaini na sita, mkia sijauhesabu, amekataa." Akakua hivyo hivyo. Sasa ana miaka kumi na tisa, amefaulu hesabu na fizikia, na wiki ile alikuwa anaogopa kiasi kwamba chakula kilikuwa kinapoa mbele yake.

Alikuwa na haki ya kuogopa. Mama yake, binti yangu wa pekee, anauza dawa kwenye duka karibu na stendi. Miaka ishirini amesimama nyuma ya kaunta ile akihesabu vidonge vitano vitano kwa kisu butu, akiwaita "bosi" vijana wenye shahada ambao yeye ndiye anayewaonyesha rafu ya dawa za kifua iko wapi. Aliapa kwamba mtoto wake ataingia dukani kwa mlango wa mbele. Famasia, basi, hakuna mjadala.

"Upimaji wa ardhi ni kazi ya kuungua jua," alisema. "Muulize babu yako ngozi yake imeishia wapi."

Lakini Futi alitaka upimaji. Fomu ilikuwa na nafasi ya chaguo la kwanza, la pili na la tatu, na chini yake ukurasa mtupu wenye maelekezo ya mstari mmoja: andika kuhusu mtu aliyekufanya uchague kozi hii. Mwisho wa kupokea fomu ulikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi.

Jumatano mchana alinifuata barazani na karatasi mkononi.

"Babu, nisahihishie. Kiswahili chako kinamshinda mwalimu wetu."

"Mwalimu wenu anamshinda nani?"

"Babu, soma bwana!"

Mimi shule niliachia darasa la nne. Nilichokijua baadaye nilikiokota kwenye vitabu vya Bwana Mpima, mkubwa wetu wa kazi, alivyokuwa akivitupa majalada yakichanika. Nilisoma jedwali za hesabu kama wenzangu walivyosoma barua za wapenzi wao. Leo watoto wana vitabu elfu mfukoni na hawafungui hata kimoja. Lakini huyu wangu anasoma, na nilivaa miwani yangu kwa fahari.

Mstari wa kwanza ulisema: "Mtu aliyenifanya nichague upimaji ni babu yangu mzaa mama. Alishika mnyororo wa kupimia kwa miaka thelathini na moja na hakuwahi kupoteza kijiti hata kimoja."

Sikuweza kuendelea. Macho yalipita kwenye maneno mengine kama mtu anayepita dukani bila nia ya kununua. Nikaweka koma mbili, nikamrudishia karatasi.

"Nzuri," nikasema.

"Tu?"

"Nzuri sana."

Akaingia ndani akiimba. Mimi nilibaki nimeshika mkono wa kiti, maana ile sentensi haikuwa yake. Ilikuwa yangu. Nilimwambia mara nyingi tangu akiwa mdogo, nikiwa nimenyoosha kifua, nami nilijua ni uongo kila nilipoisema.

Ngoja nieleze kazi ilivyokuwa, kwa sababu hakuna anayeijua tena. Sasa wanasimamisha mashine kwenye miguu mitatu, inaongea na vitu vya angani, na kijana anayeibonyeza hajui kaskazini iko wapi mpaka simu imwambie. Sisi tulikuwa na mnyororo wa chuma wa mita ishirini na vijiti kumi vya chuma vyenye kitambaa chekundu kichwani. Mshika mbele anavuta mnyororo, unapokaza anachomeka kijiti ardhini, anasonga. Mshika nyuma anafika kwenye kijiti, anakishikilia mpaka mnyororo ukaze tena, kisha anakiokota na kufuata. Idadi ya vijiti mkononi mwa mshika nyuma ndiyo idadi ya minyororo iliyopimwa. Vikifika kumi, anamrudishia mwenzake vyote na Bwana Mpima anaweka alama kwenye daftari lake. Mwisho wa mstari vijiti vya wawili hao vinajumlishwa, na lazima viwe kumi. Vikiwa tisa, mstari wote unarudiwa kutoka mwanzo, na aliyepoteza hana kazi kesho yake.

Ndiyo maana kila mshika nyuma mjanja alikuwa na kijiti kimoja cha akiba ndani ya soksi. Bwana Mpima hakujua. Yule mtu nilimpenda na kumwogopa kwa kiasi kimoja. Niliiga mwandiko wake, niliiga mwendo wake, niliiga hata namna alivyokunja mikono ya shati. Kama kuna mtu aliyenifanya nitake kujua jambo lolote duniani ni yeye. Na ndiye niliyemdanganya.

Alhamisi asubuhi mama mtu na mwanawe walianza tena kubishana mezani. Sikuinua macho kwenye kikombe. Nilikuwa napima hofu mbili. Nikinyamaza, mtoto ataingia chuo akiwa amesimama juu ya kitu kisichokuwepo, na siku moja kitu hicho kitampasukia mbele ya watu. Nikisema, ataniona nilivyo, ataichukia kazi pamoja na mimi, na atakwenda kuhesabu vidonge maisha yake yote kwa sababu ya soksi yangu.

Ghafla binti yangu akaweka kijiko chini.

"Haya. Nimechoka kugombana. Baba, wewe niambie kwa mdomo wako kwamba ile kazi ni kazi safi, ya heshima, hukuwahi kuionea aibu. Ukisema hivyo, nanyamaza. Aende huko juani."

Futi alinigeukia, uso umemnawiri. Alijua jibu. Kwake lilikuwa limekwisha kutamkwa miaka kumi na minne iliyopita.

"Nina kikohozi," nikasema.

"Baba, nimekuuliza swali."

"Na mimi nimekujibu. Nina kikohozi."

Binti yangu akachukua mkoba wake, akaenda kazini. Futi alibaki amesimama katikati ya jiko.

"Babu, umenifanyia nini? Sentensi moja tu. Moja!"

"Kaa chini."

"Sikai."

"Basi simama, lakini sikiliza mpaka mwisho."

Nikamwambia. Sauti yangu ilikuwa inakatika kama redio yenye betri mbovu. Ilikuwa Jumamosi, mvua inakuja, tunapima eneo la kiwanda kutoka barabarani hadi kwenye ua wa miti wa mama mmoja mkulima. Mshika mbele alikuwa rafiki yangu Twiga, mrefu kama jina lake, na mimi nilishika nyuma. Mwishoni Twiga alikuwa na vijiti vitatu na mimi sita. Tisa. Kimoja kimepotea. Nilidhani nimekiruka mimi kwenye nyasi, na Bwana Mpima alikuwa anakuja na daftari. Nikatoa kile cha soksini, nikakiunga na vyangu. "Saba," nikasema. "Tatu," akasema Twiga. Kumi. Bwana Mpima, aliyekuwa ameshaweka alama moja ya vijiti kumi, akaongeza hivi saba akaandika mita mia tatu na arobaini.

Jioni tulipovua mabuti, kijiti kikaanguka kutoka kwenye buti la Twiga. Kilikuwa kimemteleza kutoka mkononi, hakikuwahi kuchomekwa popote.

"We, hiki cha nani?" Twiga akauliza. "Kwenye mfuko wa vijiti vimetimia kumi."

Vilikuwa kumi na moja. Mstari ulikuwa mita mia tatu na ishirini, si zaidi. Mlango wa Bwana Mpima ulikuwa hatua kumi kutoka pale tulipokaa, taa yake inawaka. Twiga akaenda akakitupa kijiti chooni, akarudi, akasema, "Mimi sijakiona. Na wewe hujakiona."

Futi alikuwa amekaa bila kujijua.

"Kwa hiyo kwenye ramani kiwanda kikaongezeka mita ishirini."

"Ndiyo."

"Na wajenzi wa uzio walifuata ramani."

"Ndiyo."

"Wakavuka ua wa yule mama. Ndani ya hizo mita ishirini kulikuwa na nini?"

Sikutaka kujibu, lakini mtoto huyu hajawahi kuacha kipimo katikati.

"Kisima. Na jiko lake."

Nikamaliza yote, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza. Yule mama alikuja ofisini mara tatu. Sisi tulimwita Mama Hatua, kwa kumcheka, kwa sababu alikuwa amelipima eneo kwa miguu yake kutoka barabarani hadi kwenye ua: hatua mia nne na kumi, leo na jana na juzi. Alisema hesabu ya ramani na miguu yake hazikubaliani. Bwana Mpima alimjibu kwa upole, "Mama, mnyororo hauchoki wala haunyati." Watu wakacheka. Yule mama akanigeukia mimi. "Wewe kijana ulikuwepo. Sema." Nami nikasema, "Vijiti kumi vilitimia, mama."

Futi aliondoka jikoni. Siku ile hakunisemesha tena. Nilisikia mlango wa chumba chake ukifungwa.

Ijumaa saa tatu na nusu alisimama mlangoni kwangu amevaa tayari.

"Babu, vaa viatu."

Tulikwenda hadi duka la kuchapa na kutoa nakala, la yule kijana ambaye mtaa mzima unamwita Printa. Binti yangu alikuwa ametangulia, na koti lake jeupe la kazini. Kwa hiyo alikuwa ameambiwa habari ya kijiti. Hakunisalimia. Alisogea kidogo kwenye benchi nikae.

Futi alifungua fomu kwenye kompyuta. Chaguo la kwanza lilikuwa tupu. La pili na la tatu pia. Akanipa karatasi mpya.

"Soma. Ukisema hapana, naandika famasia sasa hivi na mama atafurahi. Siwezi kwenda kule na ile ya kwanza."

Niliiweka karatasi juu ya meza ya Printa. Iliandikwa hivi: "Mtu aliyenifanya nichague upimaji simjui jina. Alikuwa mkulima. Alipima kwa miguu yake akapata jibu sahihi, na wanaume watatu wenye mnyororo wakapata jibu la makosa. Alichekwa na kila mtu. Mmoja wa wanaume hao ni babu yangu, aliyenifundisha kupima. Hakujua kwamba amekosea. Nataka kuwa mpimaji anayerudi kupima tena mtu akija mlangoni na kusema hatua zake hazikubaliani."

Binti yangu alikuwa anasoma juu ya bega langu.

"Futi, utamvua babu yako nguo mbele ya watu tusiowajua?"

"Ndiyo maana nimemwita asome, mama."

"Wakituma mtu huku kuuliza je? Wakimshitaki mzee wa watu?"

Hilo nilikuwa nimelifikiria usiku kucha. Nilifikiria jina langu likisomwa mezani kwa wasomi, watu wenye shahada wakitikisa vichwa. Maisha yangu yote nimewadharau, na sasa wangekuwa na sababu ya kunidharau.

"Mzee, zimebaki dakika kumi na mbili," Printa akasema. "Mtandao wenyewe leo una mashetani."

"Babu?"

Nikaweka kidole kwenye karatasi.

"Hapa," nikasema. "Umeandika hakujua."

"Nimeona... niliona ni afadhali."

"Futa. Andika alijua jioni ile ile."

Futi hakusogea. Mama yake ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia tangu akiwa msichana, "Andika anavyosema." Futi akaandika. Akajaza chaguo la kwanza, upimaji wa ardhi, na katika la pili na la tatu akaandika kozi hiyo hiyo, vyuo tofauti. Akabonyeza. Duara dogo likazunguka kwenye kioo, likazunguka, mpaka nikadhani nimeokoka. Kisha maandishi ya kijani yakatokea: imepokelewa.

Hakuna aliyesema hongera. Futi alikuwa ameshika pembe za meza kwa mikono miwili.

"Baba," binti yangu akaniuliza, macho yake bado kwenye kioo, "yule mama alikuwa na watoto?"

"Wawili," nikasema. "Siku ya tatu alipokuja, mmoja alikuwa mgongoni."

Printa akaangalia nyuma yetu, akamwita mteja anayefuata.