Waya Uliofika Sakafuni

Jumamosi jioni, jua likiwa linaelekea kuzama, Evalina alifungua chumba cha marehemu Novatus Ngassa, akapangusa meza kwa kanga kuukuu, kisha akaunganisha redio na betri kama alivyofundishwa. Kioo kidogo kikawaka rangi ya chungwa. Akavuta kigoda, akakaa, akatega sikio.

Walikuwepo, wale rafiki zake Novatus wa redioni. Kila Jumamosi saa hiyo walikuwa wakiitana mmoja mmoja, wa Moshi, wa Iringa, wa Mwanza, kila mtu kwa herufi zake, maana hewani herufi ndizo jina la mtu. Mara ikaja sauti aliyoizoea sana, sauti nene ya mwanamume mwenye desturi ya kucheka kidogo kabla ya kusema.

"Nakupata, nakupata, Iringa. Sasa namwita mzee wetu. Kilo Novemba, Kilo Novemba wa Bariadi, upo?"

Kimya. Redio ikavuma kama mvua iliyo mbali.

"Kilo Novemba wa Bariadi, tunakusikiliza."

Jamani! Huyo Kilo Novemba, ndiye Novatus, alikuwa amelala Lingeka, kwenye makaburi ya kwao, wiki ya pili sasa.

"Atakuwa amechomoa antena," sauti ile ikasema. "Kule kwao radi zimeshaanza. Tutamwita tena Jumamosi ijayo."

Wakaendelea na habari zao. Evalina akakitazama kipaza sauti kilichoning'inia kwenye msumari, na kile kitufe chake ubavuni. Kukibonyeza ni kazi ya kidole kimoja. Lakini Novatus alikuwa mkali kwa jambo hilo kuliko kwa jambo lolote duniani. "Kusikiliza ni kwa kila mwenye masikio, ng'wana Luhaga," alikuwa akimwambia, akimwita binti wa Luhaga kwa Kisukuma. "Kusema ni kwa mwenye leseni. Hata Danford, mwanangu wa kumzaa, sijamruhusu." Evalina akazima redio, akafanya ishara ya msalaba, akafunga mlango. Njia nzima ya kurudi nyumbani moyo ulikuwa unamuuma. Watu wanamwita mwenzao, naye hajibu, watafikiri amewatupa.

Kwao Bukundi, huko Meatu, alikozaliwa, habari ya msiba haikuachwa ijitembeze yenyewe. Alitumwa mtu, akafika, akaketi, akaitamka. Na hawa wa hewani nao wana desturi yao. Aliwahi kumkuta Novatus analia mbele ya redio kwa ajili ya mtu wa Songea ambaye hakuwahi kumwona hata kwa picha. "Akifariki mmoja wetu," Novatus alimweleza huku akijifuta, "tunamwita kwa mara ya mwisho. Hakuna anayejibu. Halafu kila mmoja anabonyeza kitufe na kuachia bila kusema neno. Ndiyo kwaheri yetu." Sasa yeye mwenyewe angeikosaje kwaheri hiyo?

Tuseme kidogo walivyojuana, ili ieleweke.

Evalina alikuja Bariadi akiwa mke kijana, akauza uji na maandazi kwenye geti la kiwanda cha kuchambua pamba. Enzi hizo simu za mkononi hazijafika. Kiwandani kulikuwa na simu ya upepo ya kuongea na vituo vya kununulia pamba huko vijijini, na aliyekaa nayo kutwa nzima alikuwa Novatus, kijana mwembamba, mkimya, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Kazi ikipungua mchana, bosi wake aliruhusu watu wasalimiane na ndugu zao. Ndipo siku moja Novatus akatoka mpaka getini.

"Mama wa uji, wewe si wa Bukundi? Kuna mzee Luhaga yuko kituoni kule, anasema hatoki mpaka asikie sauti ya bintiye."

Evalina aliacha chungu hapohapo. Alipoingia na kusikia baba yake anakohoa ndani ya kile kisanduku, alifanya kile ambacho binti yeyote aliyelelewa Bukundi angefanya: alishuka akapiga magoti ili amwamkie baba yake. Waya wa kipaza sauti ulikuwa mfupi. Redio nzima ikaburuzika mezani, na kama Novatus asingeidaka ingeangukia kichwani kwa mama wa watu. Makarani wa mizani wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Simama tu, mama," Novatus akasema. "Baba hakuoni."

"Yeye hanioni, kaka. Lakini mimi najiona."

Novatus hakucheka. Alitazama waya, akamtazama yule mama aliye chini, kisha akachuchumaa, akamshikilia kipaza sauti mdomoni kwa kunyoosha mkono. Na mzee Luhaga naye kule alikuwa amekishikilia kitufe bila kukiachia, anaamkia, anauliza mtoto, anauliza mtama, anauliza ng'ombe wa mkwewe mmoja baada ya mwingine, na Evalina anajibu "mhola duhu, baba, mhola duhu," yaani salama tu, wala baba hasikii hata moja.

Wiki iliyofuata alipoitwa tena, waya ulikuwa mrefu. Novatus alikuwa ameuunga kwa mkono wake, ukatoka mezani, ukafika sakafuni, na ukabaki wa kujikunja. Chini alikuwa ametandika gunia safi la pamba. Evalina akapiga magoti, akasalimia, na safari hii mzee alishafundishwa kuachia kitufe.

"Huyo binti amepiga magoti?" mzee Luhaga akauliza.

"Amepiga, mzee. Ova," Novatus akajibu, maana neno hilo ndilo la kumwachia mwenzako zamu.

"Nilijua. Sauti inatoka chini. Wabeja sana," mzee akashukuru.

Tangu siku hiyo wanawake wa Meatu walioolewa Bariadi walijua pa kwenda kuwaamkia wazazi wao kwa heshima. Na tangu siku hiyo Novatus na Evalina wakawa ndugu. Walisali jumuiya moja. Anna, mke wa Novatus, ndiye aliyemsimamia mwanawe Evalina ubatizo. Baadaye simu za mkononi zikaja, kiwanda kikatupa mitambo yake ya simu ya upepo, na Novatus akakiomba kipaza sauti kile kama mtu anavyoomba mche wa ua. Akasoma, akafanya mtihani, akapata leseni ya redio ya ridhaa, akasimamisha nguzo nyuma ya nyumba yake. Kile kipaza sauti akakifunga kwenye redio mpya, na waya wake vilevile. Watu walimcheka: simu unayo mfukoni, nguzo ya nini? "Simu inamtafuta mtu unayemjua," alisema. "Hii inakutafutia usiyemjua." Anna alipotangulia mbele za haki, na Evalina naye akawa mjane, Jumamosi jioni alimpelekea viazi vitamu na maziwa, akakaa kwenye kigoda akishona, anasikiliza wale watu wa mbali mpaka akawajua wote kwa sauti.

Basi Jumatatu baada ya ile Jumamosi ya simanzi, Danford alifika kutoka Dodoma. Nyumba ilikuwa imepata mpangaji, mtumishi wa ofisi za mkoa, naye hakutaka nyaya juu ya bati kwa kuogopa radi.

"Nguzo tunaishusha Jumatatu ijayo, shangazi," Danford akasema. "Mafundi nimeshaongea nao."

"Yaani imebaki Jumamosi moja tu?" Evalina akamweleza habari ya wale wanaoita.

Danford akakuna kichwa. "Shangazi, si ubonyeze tu uwaambie? Nani atajua?"

"Baba yako."

"Baba yuko Lingeka, shangazi."

"Ndiyo maana siwezi kumwomba ruhusa."

Danford alicheka, lakini alipoona shangazi yake hacheki, akaenda kuleta simu ya marehemu. Wakaijaribu. Ilikuwa imefungwa kwa namba asizozijua mtu. Usiku Evalina alisali rozari yake taratibu, na asubuhi alipoamka alikuwa ameshakata shauri. Yule anayecheka kabla ya kusema aliitwa Fabian, na zaidi ya mara moja alimsikia akilalamika hewani kwamba mvua imemlowanishia dagaa wake Lamadi. Lamadi si mbali. Akafunga mtandio, akapanda gari la asubuhi.

Sokoni, harufu ya dagaa ilimpokea tangu barabarani.

"Karibu mama, wakavu hawa, hawana mchanga!"

"Asante mwanangu. Namtafuta Fabian."

"Fabian yupi? Wa boti, wa barafu, au yule mwenye deni na kila mtu?"

"Sura simjui. Namjua sauti."

Wanawake wa dagaa wakapasuka. "Haya jamani, njooni muone! Bibi amepata mchumba wa kwenye simu!"

"Mchumba wa nini, na magoti haya?" Evalina akajibu, naye akacheka pamoja nao. Wakampa ndoo akalie. Akainamisha kichwa, akafumba macho kama anavyofanya kanisani, akaziacha sauti zimpite: za kunadi, za kugombana, za mtoto anayelilia soda. Jua lilikuwa linachoma mgongoni alipokisikia nyuma yake kicheko kifupi, na baada ya kicheko, maneno.

"Nakupata, nakupata, mama. Lakini kwa bei hiyo unataka nikalale njaa."

Evalina akainuka. Mwenye sauti alikuwa mtu mfupi, mnene, amevaa aproni ya plastiki. Alikuwa amemdhania mrefu.

"Kaka Fabian. Wewe hunijui, mimi nakujua. Natoka Bariadi, kwa Kilo Novemba."

Uso wa Fabian ukang'aa. "Mzee! Antena yake imefanyaje? Si tunamwita mpaka koo linakauka!"

"Kaa kwanza, kaka," Evalina akasema, akaanza yeye kuketi chini, juu ya gunia.

Fabian alimtazama mama aliyeketi chini namna ile, akaelewa kabla hajaambiwa. Akavua aproni taratibu, akaketi naye. Wanawake wa dagaa wakaacha utani.

Jumamosi Fabian alifika Bariadi mapema, suruali imepigwa pasi, leseni yake ndani ya plastiki utadhani anakwenda kusimamishwa na polisi. Alikagua betri, akakaza waya wa antena, akaukunjua ule wa kipaza sauti.

"Huu mbona mrefu hivi?" akashangaa. "Unaburuzika chini. Nikiichukua redio nitaupunguza."

Danford, aliyekuwa ameshamwambia aichukue, akainua mabega. Hata yeye hakujua sababu. Aliuona hivyo tangu utoto wake.

Saa ilipofika, Fabian aliita kwa herufi zake mwenyewe. Safari hii hakucheka. "Ndugu zangu, leo sipo Lamadi. Niko chumbani kwa Kilo Novemba. Nina mama hapa chini ya usimamizi wangu, ana neno. Naomba wote mtulie." Akageuka. "Haya, mama. Bonyeza, vuta pumzi, halafu sema."

Evalina alikipokea kipaza sauti, akarudi nyuma hatua kidogo, akapiga magoti. Waya ukamfuata, ukashuka mezani, ukafika sakafuni, na ukabaki wa kujikunja. Danford alidhani shangazi ameanguka, akaruka kumdaka. Fabian akamshika mkono, akamzuia.

"Mwadila, wazee wangu na ndugu zangu," Evalina akawaamkia kwanza kwa Kisukuma. "Mimi ni Evalina, binti Luhaga, wa Bukundi. Nimekuja kuwaambia kwamba ndugu yetu Novatus ametutoka. Presha ilimshika, hakuteseka sana. Tumemzika kwao Lingeka, na sala zote zilisaliwa. Mlimwita, hakuwajibu. Hakuwatupa. Aliwapenda mno, hata mimi mnayenisikia nimewajua kwa kupenda kwake. Mungu amrehemu, na ninyi poleni sana. Ova."

Akabaki amekishikilia kitufe kwa nguvu, kama baba yake zamani.

"Achia, mama," Fabian akanong'ona. "Wakujibu."

Akaachia. Kisha mzee wa Moshi akaja, sauti inakwaruza.

"Mama, asante kwa kuja kutuambia. Nimesikia hapo chini ulipo." Akapumua. "Kilo Novemba. Kilo Novemba wa Bariadi."

Hakuna aliyejibu. Kisha kikasikika kitufe kimoja, tik, na kimya. Tena kingine. Kingine kwa mbali, hafifu. Evalina alivisikia kama nyayo za watu wanaoondoka matangani, mmoja mmoja, kila mtu ameshatoa mkono wake. Vilipokoma, Fabian akabonyeza chake, kisha akamnyooshea kipaza sauti Danford.

Danford hakukipokea. Mtu mzima, mwenye ndevu, alimtazama shangazi yake pale chini kwa macho ya mtoto anayeogopa kuchapwa.

"Hakuwahi kuniruhusu," akasema.

"Hukuwa na mwenye leseni wa kukusimamia," Evalina akamwambia. "Leo yupo. Muage baba yako."

Danford akachuchumaa kando yake, akabonyeza mara moja, akaachia.

Siku mafundi walipoishusha nguzo, Danford alikaa chumbani anaukunja ule waya mwenyewe, pole pole, duara juu ya duara, akaufunga kwa kamba laini. Akamkabidhi Fabian redio na vyote vyake mlangoni.

"Huu usiukate, kaka," akasema.

Fabian akacheka kidogo kwanza, kama kawaida yake.

"Nakupata," akajibu.